Kesi ya Orual: kitabu cha C. S. Lewis ambacho karibu hakuna mtu anakisoma

Amosou. Wale wametoka Kakamega na Vihiga, mulembe, wa Nandi Hills chamgei, na kama kuna mtu amepotea alikua anaenda mkutano wa chama hapo mlango wa pili basi karibu tu ukae, chai iko na huku hakuna kuchanga.

Nianze na swali. Ni nani hapa Kisumu leo amesoma vitabu vya Narnia, au ata ile sinema ya simba na mchawi na kabati, ni nani ameiona? Mikono mingi, sawa, shusheni. Sasa ni nani amesoma Till We Have Faces ya huyo huyo mwandishi? Naona mkono mmoja, na huyo ni yule nilimwazima kitabu changu mwenyewe, kwa hivo hahesabiki.

Hio ndio imenileta hapa mbele. Lewis alizaliwa Belfast 1898, akafundisha Oxford miaka na miaka alafu Cambridge, akaandika vitabu saba vya Narnia ambavyo vimefika kila mahali mpaka kwa maduka ya vitabu vya mtumba hapa mjini. Hiki kingine kilitoka 1956, mwaka uleule Narnia ya mwisho ilitoka, yaani sio kazi ya kijana anajaribu kalamu, ni mzee ashakomaa. Na yeye mwenyewe alisema ndio kitabu bora aliwahi kuandika, kupita vyote, alafu akasema pia ndio kilianguka vibaya zaidi, kwa wahakiki na kwa wasomaji. Mimi nikisikia fundi anasema kiti chake kizuri kuliko vyote ni kile hakuna mtu alinunua, nataka kukikalia nione.

Stori yenyewe si yake, aliichukua. Na hapa watu wa Afrika tukae wima kidogo, juu mwenye kuiandika kwanza, ile tunayo leo, ni mtu wa bara hili. Anaitwa Apuleius, alizaliwa miaka ya 120 hivi baada ya Kristo, mji wa Madauros, ambao leo uko ndani ya Algeria, mji huohuo Mtakatifu Augustino alikuja kusomea miaka mia mbili na kitu baadaye. Huyu Apuleius alikua na mambo. Alioa mjane tajiri, mkubwa kwake kwa umri, familia ya mjane ikaenda kortini ikasema huyu kijana ametumia uchawi, haiwezekani mama yetu ampende hivi hivi bure. (Mnacheka juu mnajua hio kesi, iko kwa kila kata.) Alijitetea mwenyewe kule Sabratha, pwani ya Libya ya leo, na hotuba yake ya utetezi iko mpaka sasa, unaweza kuisoma na inachekesha.

Ndani ya kitabu chake kikubwa, kile cha mtu aliyegeuka punda, kuna mwanamke mzee kwenye pango la majambazi anamhadithia msichana aliyetekwa, kumtuliza. Anamwambia: kulikua na mfalme, mabinti watatu, wa mwisho Psyche, mrembo mpaka watu wakaacha kwenda kwa Venus wakaanza kumwabudu yeye. Venus akawaka. Akamtuma mwanawe Cupid amharibie, lakini Cupid akampenda mwenyewe, akamweka kwenye jumba la dhahabu, anakuja usiku tu, gizani, na sharti ni moja, usinitazame uso. Dada wawili wakaja kutembea, wakaona lile jumba na vyombo, roho ikawauma, wakamjaza dada yao maneno kwamba huyo bwana yako ni joka, washa taa uone. Akawasha. Akaona mungu mzuri amelala, tone la mafuta ya taa likamchoma begani, akaamka akaenda zake. Yaliyobaki ni mateso na kazi za mama mkwe, na mwisho wanarudiana na inakua harusi.

Ni hadithi nzuri, tamu, na imekaa vile hadithi hukaa, wabaya ni wabaya. Dada wana wivu, kwisha.

Lewis aliisoma akiwa kijana na ikakataa kumtoka kichwani. Akiwa mwanafunzi chuoni alijaribu kuiandika upya kwa mashairi, ikakwama, akajaribu tena, ikakwama. Wakati huo hakua anaamini Mungu yupo, na kwa mpango wake wa zamani dada mkubwa ndiye angekua na haki na miungu ndio wakosaji. Akaja kuwa Mkristo 1931, na bado stori haikukaa sawa mpaka 1955, alipokaa na Joy Davidman, yule mshairi Mmarekani aliyekuja kuwa mke wake, wakaizungumzia, na ghafla ikatoka. Kitabu kimeandikwa kwa heshima ya huyo mama.

Na alichobadilisha ni kitu kimoja tu kikubwa. Sikieni vizuri hapa. Kwa Apuleius dada wanaliona jumba. Kwa Lewis dada halioni.

Hebu fikiria hio kitu kidogo. Unapanda mlima kutafuta mifupa ya mdogo wako uizike, juu walimtoa kafara akafungwa kwenye mti, unamkuta ng'ambo ya mto mzima, anang'aa, ana afya, anacheka, lakini nguo ni matambara na miguu haina viatu. Anakukaribisha. Anakupa divai kwa kikombe kizuri, wewe unaona ni maji ya mto kwenye viganja vyake. Unamwambia sawa, lakini hilo jumba unasema liko wapi, twende unionyeshe. Anakuangalia anashangaa. Anakwambia si hili hapa, umesimama kwenye ngazi zake. Alafu mvua inaanza, unamwona analowa, na yeye anasema mvua ipi.

Mimi nilisoma hapo nikaweka kitabu chini. Juu sasa kesi imebadilika kabisa. Huwezi tena kusema ni wivu wa sahani za dhahabu, hakuna sahani. Mtu ambaye umemlea anakwambia ana furaha kupita vile alikua na wewe, na furaha yenyewe iko mahali macho yako hayafiki. Ama yeye ni mgonjwa wa akili, ama wewe ndio kipofu. Utachagua gani? Na wangapi hapa wamekaa mezani na ndugu yao ameokoka, ama ameacha kanisa, ama ameolewa na mtu familia haimwelewi, na mnaangaliana hivo hivo, kila mtu anamwonea mwenzake huruma?

Huyo dada mkubwa anaitwa Orual na ndiye anasimulia kitabu chote, ashazeeka, ni malkia, anaandika kwa hasira. Anasema wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba haogopi tena miungu, hana mume wala mtoto wa kuumizwa, kwa hivo anaweka mashtaka yake, na msomaji aamue. Ni kesi, na wewe umekalishwa kwenye kiti cha hakimu.

Na anakushika vizuri, juu maisha yake ni magumu kweli. Ni binti wa kwanza wa Trom, mfalme wa Glome, nchi ndogo ya kubuni iliyo mbali na Wagiriki. Ni mbaya wa sura na kila mtu anamwambia, baba yake ndiye wa kwanza. Mama yake Psyche, mke wa pili wa mfalme, anafariki akijifungua, na Orual anamchukua huyo mtoto, anamlea, anampenda mpaka anasema mwenyewe alitamani angekua mama yake, angekua kijana wa kiume ili ampende, angekua kila kitu chake. Ukame unakuja, ugonjwa, njaa, makuhani wanasema mungu wa Mlima anataka mtu, kura inamwangukia Psyche. Orual anaenda kwa baba yake kumwambia nitoe mimi badala yake. Mfalme anamshika, anamburuta mpaka mbele ya kioo kikubwa, anamwambia jiangalie, huyu ndio tupeleke kama kitu bora kabisa tulicho nacho? Ndio mshtaki wetu huyo. Utasema hana kesi?

Usiku kabla ya kafara anapenya mpaka chumba Psyche amefungiwa, amekuja kumliwaza. Alafu inakua Psyche ndiye anamliwaza yeye. Psyche anasema tangu utoto huo Mlima ulikua unamvuta, kama mtu anayeitwa nyumbani. Na Orual, badala ya kupumua, anaumia. Anamlaumu moyoni kwamba halii vya kutosha, haonekani kuumia kwa sababu ya kuachana na mimi. Inapita haraka, mistari michache, na mara ya kwanza unaisoma ukiwa upande wake. Mara ya pili ndio unaona.

Juu hapo ndio ujanja wote wa Lewis uko, na ndio kitu nimekuja kusema leo nikiacha mengine yote: amempa mshtaki kalamu, akamwacha aseme ukweli wote, na ule ukweli ndio unamshtaki mwenyewe bila yeye kujua. Hadanganyi. Anakwambia kila kitu. Ata anakwambia kwamba usiku ule wa baada ya kumkuta Psyche mlimani, alipoinama mtoni kunywa maji, aliinua kichwa na kwa muda mfupi sana, kwenye ukungu, aliliona jumba, kuta na minara. Aliliona! Alafu likapotea, na akarudi nyumbani akaamua halikuwepo, na kwa watu wawili aliowaomba ushauri hakulitaja. Hao wawili ni mwalimu wake, Mgiriki mtumwa anayeitwa Fox, mtu wa akili na falsafa, ambaye anasema miungu ya hivo ni upuzi, huyo bwana lazima ni jambazi wa milimani, na Bardia, mkuu wa walinzi, askari wa kumcha mungu, ambaye anasema ni yule Mnyama wa mlima mwenyewe. Wanapingana kwa kila kitu isipokua kimoja, kwamba bwana anayekataa kuonekana uso si bwana mzuri. Kwa hivo Orual anapanda tena na taa na kisu. Na Psyche akikataa kuwasha taa, Orual anajichoma kisu mkononi, kinatokea upande wa pili, anamwambia usipofanya nakuua alafu najiua.

Psyche anakubali. Na anamwambia wazi kwamba anajua anachopoteza, na kwamba kabla ya siku hio hakujua mapenzi yanaweza kuwa kitu kama hiki.

Mimi ni kifungua mimba, nimelipa karo za wadogo zangu, na najua humu ndani kuna akina dada wengi wamefanya hivo, wameacha shule ili mwingine aende shule. Hatupendi kuambiwa kitu juu ya hayo mapenzi, tunataka tu asante. Lewis anaenda hapo hapo. Kuna mapenzi ambayo yanakula mtu, na mlaji anahisi njaa tu, hahisi kwamba anakula. Na anamwandikia huyu mama mzee kwa sauti ya kweli kabisa, mwanaume ambaye alikaa kapera mpaka akakaribia miaka 58, sijui alitoa wapi, ila mama yake mwenyewe alifariki Lewis akiwa na miaka 9 na pengine huanzia hapo.

Kuna jiwe pia, nisipite. Mungu wa Glome anaitwa Ungit, na Ungit ni jiwe, halijachongwa, halina uso, limemwagiwa damu miaka na miaka mpaka nyumba yake inanuka. Fox analicheka. Baadaye kuhani mpya anayependa mambo ya kisasa analeta sanamu ya Kigiriki, mwanamke mzuri, uso safi, anaiweka humo humo ndani. Siku moja Orual ameketi hekaluni anaona mwanamke maskini anaingia analia, na anapita ile sanamu kama haipo, anaenda kwa jiwe. Anatoka ametulia. Orual anamuuliza kwa nini haombi kwa ile mpya, anasema ile ni ya wakubwa na watu wasomi, haina faraja.

Sasa ukishuka barabara ya Bondo mpaka Seme, Kit Mikayi iko pale, mawe makubwa yamepandana, na tunajua hadithi ya mzee Ngeso aliyelipenda lile jiwe mpaka anashinda humo kila siku, mke wake akiulizwa mzee yuko wapi anajibu ameenda kwa mikayi, bibi yake wa kwanza. Tunacheka, lakini watu bado wanaenda pale kuomba na kufunga, na hao watu makanisa yenye vioo vya rangi wanayaona njiani wakipita. Lewis alikua Mkristo wa Kianglikana wa kuandika vitabu vya kutetea imani, ungetarajia acheke jiwe pamoja na Fox. Hakucheka. Anaacha jiwe liwe na uzito, anaacha harufu ya damu iwe takatifu na ya kuogofya kwa pamoja, na yule Mgiriki na hoja zake zote anatufanya tumpende sana na bado anatuonyesha fikra zake ni nyembamba. Kwa msomaji wa huku hio ni nadra kwa mwandishi wa Uingereza wa miaka ile, na mimi nampa heko.

Sehemu ya umalkia ntaipita haraka, ni tamu lakini mtasoma wenyewe. Anavaa shela usoni na haivui tena mbele ya watu, baba anafariki, anatawala, anapigana kwa upanga na mwana wa mfalme wa nchi jirani anamuua, anamwachilia Fox kuwa huru, anapanga upya machimbo ya fedha, anakusanya vitabu. Malkia mzuri kweli. Watu wanabuni stori kuhusu kilicho nyuma ya shela, wengine wanasema ni uzuri wa kutisha.

Alafu akiwa mzee amesafiri nchi ya watu, anaingia kihekalu kidogo msituni, kuhani anamsimulia hadithi ya mungu wao mpya, na ni Psyche! Ni hadithi yao! Isipokua kwenye hadithi ya kuhani dada waliliona jumba na walikua na wivu. Mnaona alichofanya Lewis? Ile hadithi ya Apuleius ameiingiza ndani ya kitabu kama uvumi uliopotoka, na Orual anawaka, ndio anarudi nyumbani kuandika mashtaka. Kitabu tunachosoma ni jibu lake kwa kitabu cha yule jamaa wa Madauros.

Na katika kuandika huko ndio ukweli unaanza kuja kumdai. Bardia amefariki, na Orual, ambaye amempenda kimya miaka yote, anaenda kumpa pole mjane, Ansit. Na Ansit anamwambia. Umemmaliza wewe. Kazi usiku na mchana, vita, mabaraza, ukamchelewesha kila jioni, mimi nikawa napata kilichobaki. Ni kurasa chache na sijasoma ugomvi wa wanawake wawili juu ya mwanaume mmoja aliyekufa ulioandikwa vizuri namna hio, juu wanaishia kulia pamoja kidogo, alafu chuki inarudi. Mabosi walio hapa, someni hio sura, alafu muangalie simu mnapigia wafanyikazi saa tatu usiku.

Anakuja pia mwanaume mmoja kutoka ujana wao, anamkumbusha dada wa katikati, Redival, yule tumemdharau kitabu kizima kwamba ni mpumbavu na msengenyaji. Huyo mtu anasema Redival alikua mpweke sana, alikua akilalamika kwamba kwanza Orual alimpenda sana, Fox alipokuja Orual akampenda kidogo tu, na mtoto Psyche alipokuja hakumpenda tena kabisa. Orual hakua amewahi kufikiria. Na mimi pia sikua, na nimesoma kurasa zaidi ya mia mbili nikiwa hakimu!

Mwishoni, katika maono, anapelekwa chini kwa wafu kusoma mashtaka yake mbele ya hakimu. Anafungua, anaona sio kile kitabu alichoandika, ni karatasi ndogo chafu, na anajisikia akiisoma, tena na tena, bila kukoma, na kinachotoka ni kwamba msichana alikua wangu, mlikua na haki gani kumchukua, ningeona afadhali aliwe na mnyama kuliko apendwe na nyinyi. Mpaka hakimu anamsimamisha. Anamuuliza kama amejibiwa. Anasema ndio. Hakuna aliyemjibu neno.

Kasoro ziko. Sehemu ya pili ni fupi kupita kiasi na ndoto zimejazana, moja haijaisha nyingine imeanza, mbegu za kuchambua, kondoo wa dhahabu, jangwa, na kama hujui ile hadithi ya zamani unaweza kupotea, ndio maana nimewapa yote hapo juu bila kuogopa kuwaharibia. Fox naye kule chini anaeleza sana, mambo ambayo tushayaona kwa macho. Na jina la kitabu halisaidii. Lewis alitaka kiitwe Bareface, mchapishaji akakataa akiogopa watu watadhani ni stori ya makauboi, na mimi naona mchapishaji alikosea, ingeuza ata kwa wenye kupenda makauboi. Kurasa arobaini za kwanza pia zinaenda polepole, vumilia mpaka kioo.

Wengine mtasema ni kitabu cha Kikristo kimejificha. Labda. Lakini Yesu hatajwi popote, simba hayuko, na ukiwa huamini chochote bado ile kesi itakushika, juu nusu ya kwanza imeandikwa na mtu aliyewahi kuamini kabisa kwamba miungu ndio washtakiwa, na hakuzifuta hoja zake za ujana, alimpa Orual azitumie zote.

Nakala iko moja, hii yangu, jalada limetoka, inazunguka kwa wiki mbili mbili, na jina lako liandikwe kwa daftari hapo mlangoni kabla uishike. Sasa maswali, na tuanze na huyo mama wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nitaje Ansit na uso wake unaonyesha hatukubaliani.